Uzoefu wangu na taa za LED za 12V kwenye mota za ndege ya kujiundia, Dodoma

Habari zenu wakuu. Nazungumzia zile taa ndogo za ishara za LED za kufunga kwenye paneli, za milimita 8, bodi ya chuma, nyuma zinatoka nyaya mbili nyekundu na nyeusi, watu wa bodaboda na bajaji wanazijua sana. Sisi tumezifunga kwenye ndege ndogo ya watu wawili ambayo mzee wangu mmoja anaiunda nyumbani kwake huku Nala, mimi ni fundi umeme wa magari na yeye kaniita nimshikie upande wa umeme. Ndege haijaruka bado na haitaruka mpaka TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, waje wakague, kwahiyo haya ni ya kufunga na kujaribu ikiwa chini.

Nianze na uzuri wake. Bodi ni imara, tundu moja la drili unabana nati umemaliza, na haili umeme, kama miliampu 20 hivi kila moja, betri hata haijui kama ipo. Nyekundu na ya njano ziko vizuri sana. Ya kijani ndo shida, jua la Dodoma mnalijua, saa saba mchana ukiwa umefungua kioo cha juu ile kijani huioni kabisa mpaka ukinge kwa mkono, na kwenye ndege huna mkono wa kukingia taa.

Sasa kitu ambacho lazima mtu akijue kabla hajanunua. Mota ya flapsi, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshuka na kupanda, inaenda pande mbili, swichi inageuza chanya na hasi, kwahiyo unachukua taa mbili unaziunga kwenye nyaya zilezile mbili za mota, moja umeigeuza, ukishusha flapsi inawaka hii ukipandisha inawaka ile. Rahisi. Lakini LED nyingi zinavumilia kama volti 5 tu za kinyume, na hapa ile iliyozima inapigwa volti 12 mpaka 14 kinyume kila ukibonyeza swichi, na mota ikikatwa inarudisha umeme wa ghafla mkubwa kuliko huo. Inaweza kukaa vizuri miezi halafu ikafa. Dawa yake daiodi moja ya 1N4007, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa kila taa, ni ya bei ndogo sana na inazuia mpaka volti 1000 za kinyume, mwanga unapungua kidogo mno huwezi hata kuona.

Nikamwonyesha mzee, taa zinawaka safi kabisa, akaniuliza, "Mwanangu, hii inaniambia mota inazunguka au inaniambia umeme umefika?" Sijajibu akainama akachomoa soketi ya mota yenyewe, akabonyeza swichi. Taa ikawaka vilevile. Mota haina hata waya na taa inasema mambo shwari! Na hapo ndipo nawaomba sana mnaofunga vitu hivi, iwe ndege, iwe pampu ya kisima, iwe mashine ya kukamua alizeti, mtulie muelewe. Taa iliyoungwa sambamba na mota inapima umeme kwenye waya, basi. Mota ikikatika ndani, taa inawaka. Gia ikisagika mota ikazunguka bure, taa inawaka.

Tulichofanya, tukafunga swichi ndogo ya mguso pale ambapo flapsi ikipanda mpaka mwisho mkono wake unaigusa, swichi ina laini yake ya umeme haihusiani na mota kabisa, kwahiyo kijani inawaka pale tu flapsi yenyewe imefika juu. Kwenye pampu ya mafuta ya umeme vilevile, badala ya kuchukua umeme wa pampu tukaweka swichi ya presha kwenye bomba, presha ikishuka nyekundu inawaka. Mzee akafurahi mno, anasema nyekundu iwe ya hatari, njano ya tahadhari, kijani ya salama, marubani wamezoea hivyo na hataki rangi ichezewe kisa dukani kumebaki bluu.

Jingine la fyuzi. Laini ya mota ya flapsi ina fyuzi ya ampea 10, ukichukua kawaya kembamba ka taa ukakaunga hapo moja kwa moja na kakagusa bodi ya ndege, kanaungua kabla ile fyuzi haijashtuka. Weka fyuzi yake ndogo ya ampea 1 karibu kabisa na unapoungia, usiiweke mbali kwenye paneli. Na zile nyaya mbili za nyuma ya taa zifunge vizuri zisining'inie, mtetemo wa injini unazikata pale pale zinapotokea kwenye bodi, chini ya nati pia weka washa yenye meno.

Lalamiko langu ni kwa duka moja la mjini, silitaji. Pakti imeandikwa 12V lakini baadhi ya taa ndani hazina rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, niliziwasha mezani na betri zikafa papo hapo. Hebu fikiria ingekuwa taa ya presha ya mafuta. Kila taa ijaribuni mezani na multimeta kabla haijaingia kwenye paneli. Nyekundu isiyo na rezista nimeiwekea ya ohmu 680 ya nusu wati, kwa chaji ya volti 14.4 inakuja kama miliampu 18, hapo rezista inapata joto kidogo tu.

Nyekundu na njano nitanunua tena, kwa bei ile sioni cha kulinganisha. Kijani hapana, natafuta inayoonekana juani, mwenye nazo Dodoma au Singida anitafute.