Uzi Usiokubali Kinanda: Programu za Kivinjari za Kujaribu Kabla Hujatoa Pesa

Ukijaribu kurekodi nyatiti, zeze la Waluo, pamoja na kinanda, uzi mmoja lazima ugome. Kinanda kimeikata okteva, yaani umbali kutoka noti hadi noti ile ile ya juu yake, vipande 12, kila kimoja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha sauti, si pesa). Uzi wangu wa tatu unakaa karibu na senti 350 juu ya noti ya msingi, katikati ya vitufe viwili. Si kwamba umelegea. Ndivyo alivyoukaza aliyenifundisha.

Basi kabla hujashuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kutafuta kinanda cha midi (kile kinachochomekwa kwenye kompyuta), fungua kivinjari ujaribu skeli yako, yaani mpangilio wa noti zako. Programu hizi tatu ni za bure, gharama ni bando tu.

Ya kwanza, bila ubishi, ni Scale Workshop ya Sevish, mwanamuziki wa Uingereza. Unaandika noti zako kila moja mstari wake, kwa senti au kwa uwiano kama 3/2, halafu unazipiga kwa vitufe vya kompyuta hiyo hiyo. Chunga nukta: 350.0 ni senti, lakini 350 bila nukta ni uwiano, yaani mtetemo mara 350 wa noti ya msingi. Mimi niliisahau, nikakaa dakika kumi nikilaumu spika. Skeli ikikaa sawa, mtumie mwenzako linki kwa WhatsApp, au ihifadhi kama faili ya Scala, aina ya faili ya kuhifadhia skeli, uipeleke studio. Wimbo wenyewe utautungia kwingine.

Ya pili ni Leimma na pacha wake Apotome, kazi ya Khyam Allami na studio ya Counterpoint, zilizotoka 2021. Leimma huichora skeli kwenye duara, na anayejifunza kwa macho ataipenda kuliko ile ya kwanza. Apotome hutunga yenyewe kwa kanuni unazoiwekea. Nimeiweka nyuma kwa sababu nataka mkono wangu usikike.

BeepBox inashika mkia. Wimbo mzima unaingia ndani ya linki, raha kweli, ila noti ni zile zile 12. Itakufaa kwa midundo ya ngoma.

Bado unataka kinanda? Nenda na laptopu yako, kichomekwe hapo hapo dukani, na ufungue Scale Workshop kwenye Chrome. Kivinjari cha Apple, Safari, hakisomi midi, kwa hiyo iPhone iache nyumbani. Pia nunua plasta. Skeli ya noti saba hujipanga kwenye vitufe mfululizo, vyeusi kwa vyeupe, kwa hiyo okteva inahama: noti ya msingi hurudi baada ya vitufe saba, si 12. Mimi nimebandika kipande kila baada ya vitufe saba.