Peponi ya Gurnah: nilirudisha kitabu nikidhani kurasa zimechomoka

Naanza na aibu yangu. Hiki kitabu nilikinunua kwenye meza ya vitabu pale Posta, nikakisoma kama wiki mbili hivi, asubuhi kwenye daladala na usiku watoto wakishalala, siku nimefika mwisho nageuza ukurasa nakuta hamna kitu. Nikarudi nyuma, nikahesabu namba za kurasa, nikapapasa gundi kama kuna kipande kimechomoka, hamna. Kesho yake nikampelekea muuzaji, nikamwambia kaka umeniuzia kitabu pungufu. Akatoa kingine, akafungua mwisho, tukalinganisha pale pale watu wanapita. Neno kwa neno. Akanambia, "Dada, kimetimia hicho, labda wewe ndo hujatimia." Nilikasirika lakini nikacheka.

Kwa asiyekijua, ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, kilitoka kwa Kiingereza 1994 kikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, Ida Hadjivayanis ndo kakitafsiri na Mkuki na Nyota wakakitoa 2022, mwaka mmoja baada ya mzee kupewa Nobel. Nitataja mwisho, kwa hiyo kama hujasoma ishia hapa urudi baadaye.

Yusuf ana miaka 12, anakaa na wazazi wake mji mmoja wa reli unaitwa Kawa, baba ana hoteli ndogo na madeni makubwa. Kuna tajiri anaitwa Aziz huwa anapita na akiondoka anamwachia mtoto sarafu, mtoto anampenda balaa. Siku moja wanaambiwa Yusuf ataondoka naye. Hamna anayemwambia kwamba kawekwa rehani. Anayemfungua macho ni Khalil, kijana mwingine wa dukani kwa Aziz, naye yupo pale kwa deni la babake, ndo anamwambia huyo sio ndugu yako hata kidogo, muite Seyyid, yaani bwana.

Sasa mimi nimesoma madrasa, na kosa langu lilianzia hapo. Mtoto mzuri wa sura, anaitwa Yusuf, anatolewa kwa wazazi wake kwa sababu ya hela, anakulia nyumba ya tajiri, mke wa tajiri anamtaka, halafu inafika ile sehemu anakimbia na shati linachanika kwa nyuma... jamani hiyo si Sura Yusuf ya Kurani kabisa? Kwa nyuma! Niliposoma hapo niko Buguruni kwenye foleni nilisema "Zulekha huyo" kwa sauti, yule mke wa bwana wa Misri aliyemtaka Nabii Yusuf, dada wa pembeni akaniangalia. Basi tangu hapo nikawa nasubiri hazina za Misri. Nabii Yusuf anatoka gerezani anakabidhiwa maghala, ndugu zake wanakuja kuomba nafaka, mzee Yakub anarudishiwa macho, familia inakaa pamoja. Hesabu inafunga.

Huku haifungi. Wajerumani wanakaribia kupigana na Waingereza, maaskari wao wanapita wanakamata vijana, Khalil na Yusuf wanajifungia dukani wanachungulia kwenye nyufa. Askari wakishaondoka Yusuf anatoka nje, anakuta mbwa wanakula kinyesi walichoacha wale watu, na kuna kitu anakielewa kuhusu nafsi yake pale ambacho sitaki kukisimulia, kasome mwenyewe. Anasikia nyuma yake, upande wa bustani, kama milango inafungwa komeo. Anageuka mara moja, halafu anawakimbilia askari huku macho yanamuwasha. Kwisha habari.

Nilivyozoea mimi, hadithi za mtoto anayekua zina njia mbili. Ama anapata, kama Kongowea wa riwaya ya Siku Njema anavyotoka Tanga kumtafuta babake mpaka Kitale na anampata, ama anaangamia, kama Rosa wa riwaya ya Rosa Mistika anayejiua. Ukilia ukifurahi, unajua umefika. Huyu hajapata na hajafa, anakimbia tu, na anakokimbilia ndo kubaya zaidi.

Nikamsimulia mume wangu, ambaye hasomi riwaya hata umlipe. Akauliza swali moja, "sasa angebaki afanye nini?" Nikakosa jibu, nikarudi kusoma upya kurasa kama sitini za mwisho na ndo nikaona jinsi nilivyopitiwa. Kila aliyebaki pale kwa Aziz kafungwa na mlango ulio wazi. Mzee Hamdani mtunza bustani alishapewa uhuru akaukataa. Khalil aliachiliwa siku dada yake Amina alipoolewa na Aziz, na bado yupo anauza duka. Hata ile bendera ya Mjerumani yenye ndege mweusi, Yusuf anaiona stesheni kurasa za mwanzo kabisa, mimi nikaipita kama pambo. Kwa hiyo yule mtoto maisha yake yote anapelekwa, anaitwa, anatumwa, na mara ya kwanza miguu inaenda kwa uamuzi wake anachagua bwana mwingine. Mimi ukiniuliza hapo ndo utoto umeisha. Vibaya, lakini umeisha. Nilichokuwa nadai kwa muuzaji kilikuwa fidia, sio kurasa.

Malalamiko ninayo. Safari ya biashara ya Aziz kwenda bara pale katikati ni ndefu, mizigo, mbu, kubembeleza machifu, mpaka wanafika kwa mtawala mmoja anaitwa Chatu ananyang'anya kila kitu ndo nikaamka tena. Maandishi nayo madogo kwa mtu anayesoma kwenye gari. Ila Kiswahili chake kitamu, watu wanaongea kama watu wa pwani hasa, matusi ya mnyapara Mohammed Abdalla yanakaa vizuri mdomoni kuliko Kiingereza.

Nyota nne. Kitabu sinacho sasa hivi, mdogo wangu kamaliza form six kaondoka nacho Dodoma. Jana usiku kanitumia meseji, kafika kwa Chatu, anauliza dada hivi huyu Yusuf anarudi kwao lini. Sijamjibu.