Mafuta ya manukato ya ndimu na rozimeri, ya kupima: yanavyogeuka yakishafika mwilini

Ukinusa kizibo utasema ni ndimu tupu. Saa moja baadaye, mkononi, ni rozimeri na mrehani. Ikifika jioni kimebaki miski na harufu kavu ya mbao, na ndimu huioni hata kwa tochi. Ndiyo maana mafuta haya yanagombanisha wateja na wauzaji: mtu amenunua kizibo, kesho yake anarudi kudai kauziwa maji. Hajauziwa maji. Kauziwa vitu vitatu vinavyopokezana zamu, na cha kwanza ndicho chenye zamu fupi kuliko vyote.

Yanapatikana kwenye maduka ya manukato ya kupima katikati ya mji wa Mwanza. Muuzaji anayavuta kwa bomba la sindano kutoka chupa kubwa ya alumini, anakujazia rolioni ya mili 3, 6 au 12. Vipimo hivyo ni mabaki ya tola: tola moja ni gramu 11.66, kwa hiyo unachonunua ni robo, nusu au tola nzima, ingawa neno lenyewe vijana wengi hawalitumii tena. Haya yalikuwa shilingi 1,000 kwa mili, chupa juu ya duka. Yamepimwa kwenye ngozi za watu wanne, wawili wa ngozi ya mafuta na wawili wa ngozi kavu, tone moja ndani ya mkono chini kidogo ya kiwiko, baada ya kunawa kwa sabuni isiyo na harufu. Tone jingine liliwekwa kwenye ukanda wa karatasi nyeupe, jingine kwenye kitambaa cha pamba. Ilikuwa kiangazi, mchana wa nyuzi 28 hivi, upepo wa ziwa unavuma.

Dakika mbili za mwanzo ni za kimya, na aliyezoea pafyumu za kupuliza atakata tamaa hapo hapo. Pafyumu ya kupuliza ina spiriti. Spiriti ikiruka inainua ndimu yote kwa mkupuo mmoja mpaka puani, ndipo unasikia ule mlipuko wa kwanza. Mafuta hayana cha kuinua. Yanaishikilia limonini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya ganda la limau na chungwa, na kuiachia kidogo kidogo ngozi inapoyapasha joto. Kwa hiyo subiri dakika ya tatu mpaka ya tano. Kinachotoka wakati huo ni ganda, si maji ya tunda: ule uchungu wa kijani unaobaki kwenye vidole vya muuza machungwa anapomenya kwa kisu na ganda likatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Kuna ndimu, kuna limau kidogo, na chini yake kuna bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, inayonukia kama chai ya kopo lenye maandishi ya Kiingereza. Ni mwanzo mzuri kabisa. Kwenye ngozi ya mafuta ulidumu kama dakika 25, kwenye ngozi kavu haukufika 15.

Kisha linakuja shimo. Kuanzia dakika ya 15 au 25, kutegemea ngozi, ndimu imeondoka na majani hayajapanda, na kinachosikika katikati ni sabuni ya kuoshea vyombo. Hilo si bahati mbaya, ni uchumi. Limonini inaruka haraka, hivyo mtengenezaji anayetaka harufu ya ndimu iendelee huongeza sitrali, ile ile inayoupa mchaichai harufu yake. Sitrali inakaa zaidi ya limonini, lakini pua zetu zimeijua kupitia sabuni za limau, basi ikibaki peke yake akili inakwenda moja kwa moja kwenye beseni la vyombo. Katika mafuta haya shimo lilichukua dakika kumi, linavumilika. Ukipata chupa ambayo sabuni inakaa saa nzima, jua kwamba sitrali imebebeshwa kazi isiyo yake, na usitegemee chochote cha maana baada ya hapo.

Saa ya kwanza mpaka ya tatu ndiyo unayoilipia. Rozimeri inafika kwanza, na ina sineoli (ile ya harufu ya mkaratusi) na kafuri ndani yake, kwa hiyo kwa dakika chache utasikia kitu cha karibu na dawa ya kuchua kifua. Usiogope. Mrehani unaingia nyuma yake na kuilainisha, ukiwa na kaukali ka karafuu kanakotokana na yujinoli, ambayo mrehani wa aina nyingi inayo na karafuu imejaa. Hapo mafuta yanakuwa makavu, ya kijani, yenye ubaridi, kama jani lililopondwa kiganjani na si kama maua. Mtu asiyependa manukato matamu ya vanila na sukari atapumua. Tofauti ya ngozi nayo inaonekana hapa kuliko mahali pengine: kwenye ngozi ya mafuta majani yalikuwa laini na yalikaa karibu saa tatu, kwenye ngozi kavu kafuri ilichomoza kwa ukali kisha ikakatika kabla ya saa mbili. Karatasi haikuonyesha lolote kati ya haya. Ndimu ilikaa juu ya karatasi zaidi ya saa nzima kwa sababu karatasi haina joto la mwili, na kwa hiyo kijikaratasi unachopungiwa dukani hakikuambii mafuta yatakuwaje mkononi mwako.

Baada ya hapo ni miski nyeupe, mbao kavu, na vetiva kwa mbali (mizizi ya nyasi zile zile zinazopandwa kuzuia mmomonyoko). Harufu inashuka na kukaa karibu na ngozi, mtu akikukumbatia ndipo anaisikia. Ilifika saa ya saba kwa mmoja, saa ya tano kwa wengine. Hapa wavaaji wengi wanajidanganya: pua ikinusa kitu kile kile kwa muda mrefu inakizoea na kuacha kukiripoti, na miski za kutengenezwa kiwandani zina tabia ya ziada, kuna watu ambao baadhi yake hawazisikii kabisa tangu kuzaliwa. Unaongeza matone matatu ukidhani yameisha, kumbe abiria wenzako kwenye daladala wameshafungua madirisha. Muulize mtu mwingine kabla ya kuongeza.

Kipimo cha kutosha ni matone mawili au matatu kwa siku. Mili 1 ni kama matone 20 hadi 25, kwa hiyo chupa ya mili 6 inakupeleka siku 40 na zaidi. Ngozi yako ikiwa kavu, paka kwanza mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kiasi cha punje ya mchele, subiri dakika tano, kisha manukato juu yake. Hilo liliongeza kama dakika kumi kwenye ndimu na zaidi ya nusu saa kwenye majani. Losheni ya kakao haifai, itayameza majani yote. Na ile tabia ya kusugua kifundo cha mkono kwa kifundo iache: haivunji kitu, kama inavyosemwa, ila inatia joto na kutandaza mafuta, na cha kwanza kuondoka ni ile ndimu uliyoifuata. Gusa, inua, acha.

Sasa suala la samaki, maana kwa ukanda huu haliepukiki. Wapo wanaoyanunua mafuta haya ili yaondoe harufu ya dagaa na sato mikononi, kwa hoja kwamba ndimu huondoa shombo. Ndimu ya jikoni huondoa kweli, lakini inayofanya kazi ni maji yake. Shombo linatoka kwenye kemikali za jamii ya amini, ambazo zinaruka hewani kirahisi; asidi ya maji ya ndimu inazishika na kuzigeuza chumvi zisizoruka tena, ndiyo maana harufu inakata. Manukato ya ndimu yametoka kwenye ganda na hayana asidi hiyo hata kidogo. Ukiyapaka juu ya mkono wenye shombo unapata shombo lenye rozimeri, na tukubaliane kwamba hilo ni baya kuliko shombo lenyewe. Anayetoka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, anawe kwa maji ya ndimu au siki, asuuze, akauke, ndipo apake, tena nyuma ya masikio na si viganjani.

Jambo zito zaidi ni jua. Bergamoti na ndimu zilizokamuliwa ganda bila kuchemshwa zina bergapteni na ndugu zake, kemikali zinazoamshwa na jua. Vitu hivyo vikiwa kwenye ngozi na jua likapiga, ngozi inaungua kama imeguswa na maji ya moto: wekundu au malengelenge ndani ya siku moja mbili, kisha baka jeusi linaloweza kukaa miezi. Mchoma samaki anayekamua ndimu juani anaweza kuyapata mabaka hayo mikononi, akadhani ni mvuke wa jiko. Miongozo ya kimataifa ya watengeneza manukato inaweka bergamoti ya kukamuliwa isiyozidi asilimia 0.4 kwenye kitu kinachobaki kwenye ngozi, na ndimu ya kukamuliwa asilimia 0.7. Ndimu iliyopatikana kwa mvuke haina tatizo hilo, wala bergamoti iliyoondolewa bergapteni. Chupa ya kupima haikuambii umepewa ipi, na muuzaji mara nyingi naye hajui. Mwanza iko chini ya nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo usicheze: kama unapanda bodaboda mchana, unavuka na kivuko cha Kamanga ukiwa sitahani, au kazi yako ni ya juani, paka mahali nguo inapofunika. Shingo na mikono mitupu ziachie jioni. Mwenye ngozi ya kuwashwa ajaribu tone moja kwenye kunjo la kiwiko na kuliangalia kwa saa 24, kwani limonini na linaloli (kemikali nyingine ya harufu) zilizokaa sana hewani zinaamsha mzio kwa urahisi kuliko zikiwa mpya.

Kuhusu uchakachuaji, chukua bilauri ya maji na udondoshe tone moja. Likielea kama jicho la mafuta kwenye mchuzi, basi huenda limechanganywa na mafuta ya kawaida, ya nazi au jojoba au mengine. Likitawanyika na kuacha wingu jeupe kama maziwa, limechanganywa na glikoli, kimiminika cha kiwandani ambacho kinayeyuka majini na kuyatema manukato. Hakuna kati ya hayo mawili lililo wizi peke yake, kila mafuta ya kupima yana cha kuchanganyia. Wizi unaonekana kwenye wingi wa hicho cha kuchanganyia. Mafuta haya yalitoa wingu zito, ishara nzuri. Sampuli ya duka jingine, yenye jina lile lile na bei ile ile, ilitoa ukungu mwepesi kama maji ya pili ya kuoshea mchele, na mkononi iliisha kabla ya saa mbili. Zile za kuelea nazo zina hila yake: zikichanganywa na mafuta ya kupikia huchacha baada ya miezi michache, na utasikia harufu ya bagia za jana nyuma ya ndimu.

Kwenye nguo yanakaa vizuri, kipande cha pamba kilinukia majani mpaka asubuhi ya pili. Ila yana rangi ya kijani manjano, na kanzu nyeupe haitasamehe. Paka upande wa ndani wa pindo.

Kwa bei hiyo ni mafuta mazuri, hasa kwa mchana wa ofisini na kwa mwanamume au mwanamke asiyetaka kunukia pipi. Hayafai harusini: kufika saa nne usiku, ukumbini kati ya udi na pafyumu nzito, hutasikika. Kasoro yake kubwa ni lile shimo la sabuni, na ubovu wa rolioni yenyewe. Duka lilitoa ya plastiki laini. Limonini inaila plastiki ya namna hiyo polepole, na baada ya wiki tatu kijigololo kilikuwa kimekwama na shingo ya chupa inanata. Dai ya kioo yenye gololo la chuma, hata kama ni shilingi 500 zaidi, na uiweke kabatini, mbali na dirisha na mbali na dashibodi ya gari.

Ukienda, anza na mili 3. Pakwa mkononi, toka, tembea taratibu mpaka Jiwe la Bismarck, lile mwamba la ziwani, na kurudi, upite ile saa ya ndimu na shimo lake, kisha ndipo uamue. Na kabla muuzaji hajachovya bomba, tazama chupa anayochovya. Chupa kubwa iliyobaki robo imejaa hewa, na hewa ndiyo inayoifanya ndimu inuke kama tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi. Mwombe afungue iliyojaa. Akikataa, nusa kizibo tena: ukisikia rangi ya kupaka mlango, hata kwa mbali, mrudishie.