ERFA: hesabu safi, saa ni juu yako

Anayeandika programu ya kuelekeza darubini hana haja ya kutunga upya hesabu za presesheni na nutesheni. ERFA, maktaba ya msimbo wa hesabu za astronomia, inazo zote, ni ya bure, na leseni yake ya BSD inakuruhusu kuitia hata kwenye programu ya kuuza. Imetokana na SOFA, maktaba ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia (IAU). Watumiaji wa Python waandike tu pip install pyerfa.

Mhimili wa Dunia huyumba kama pia, hiyo ndiyo presesheni, na kukamilisha duru kwa miaka 26,000 hivi, yaani takriban sekunde 50 za tao kwa mwaka. Juu ya mwendo huo kuna mtikisiko mdogo, nutesheni. Sehemu yake kubwa hujirudia kila miaka 18.6 na kufikia sekunde 17 za tao. Fanksheni pnm06a hukupa yote katika matriksi moja, pamoja na upogo wa fremu (tofauti ndogo isiyobadilika kati ya mihimili ya marejeo ya anga na ile ya mwaka 2000) wa takriban milisekunde 23 za tao, kwa hiyo usiuongeze tena. Ndani yake hujumlishwa vijenzi 1,365 vya nutesheni. Ikikuchelewesha, pnm00b ina 77 tu, na kati ya 1995 na 2050 nutesheni yake hukosea kwa milisekunde moja hivi. Kwa darubini ya nyumbani inatosha kabisa.

Mambo huharibika kwenye saa. Fanksheni c2t06a, inayogeuza mielekeo ya angani kuwa ya ardhini, inadai TT (saa sawia ya atomiki) na UT1 (saa inayofuata mzunguko wa Dunia) kando kando. Ukiweka TT mahali pa UT1, unakosea sekunde 69, na anga yote inageuka dakika 17 za tao, zaidi ya nusu ya upana wa Mwezi. Ukikosea kinyume chake, ukaweka UT1 mahali pa TT, kosa ni sehemu tu ya milisekunde ya tao, ndiyo maana hitilafu hiyo hukaa kwenye msimbo miaka mingi bila kuonekana.

Tarehe ya Juliani (hesabu ya siku mfululizo) nayo igawe vipande viwili, 2400000.5 na MJD, yaani siku zinazobaki ukiitoa namba hiyo. Ukiibana katika namba moja unapoteza kama sekunde 0.00004. Halafu xp na yp, zinazoonyesha ncha ya Dunia ilipo, ziingie kwa radiani: majedwali ya IERS, shirika linalofuatilia mzunguko wa Dunia, huziandika kwa sekunde za tao, basi zizidishe kwa 0.00000484814. ERFA haipakui majedwali hayo yenyewe, na kwangu huo ndio upungufu wake mkubwa.

Kabla ya kuiamini mashine yako, ita nut06a(2400000.5, 53736.0). Lazima ipatikane nutesheni ya radiani −0.00000963091 na 0.0000406324.

Kwa anga ya mwaka 3000 KK achana na pnm06a. Tumia ltpb, ambayo modeli yake inafaa miaka 200,000 nyuma na mbele. Haina nutesheni, na inapokea mwaka wa Juliani, −2999.0, si tarehe ya Juliani.