Gereji ya rejeta Unga Limited, Arusha: wanapima kwanza, spana baadaye

Kama una mashine ya kukatia majani ya dizeli, ile ya kukalia, na sindano ya joto imeanza kupanda kuliko ilivyozoea, wapelekee hawa kabla hujamruhusu mtu yeyote kugusa silinda hedi. Mwenye haraka anaweza kuishia hapo. Mwenye nafasi asome, maana kuna ya kusifu na kuna ya kulalamikia.

Nasimamia viwanja vya shule ya bweni: uwanja wa mpira, netiboli, na mabustani yanayozunguka mabweni. Mashine yetu ina injini ya silinda tatu inayopozwa kwa maji, na visu vitatu chini ya deki, kile kifuniko kinachoinuliwa na kushushwa. Wakati wa masika ukoka unaota usiku na mchana, na mashine ikilala siku mbili tu watoto wanapoteza mipira majanini. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuvizia. Asubuhi inachapa kazi vizuri. Jua likishasimama, kwenye saa tano hivi, sindano inaanza kupanda, taratibu, mpaka inakaribia pekundu. Ukiiacha sailensa, yaani inaunguruma taratibu bila kazi, sindano inashuka. Ukiirudisha kwenye majani mazito inapanda tena, na alamu inalia. Haikuwahi kurusha maji wala kutoa moshi mweupe. Ilikuwa tu na joto lisilo la kawaida, na aliyeligundua kabla hata ya alamu ni dereva wetu, mzee aliyeiendesha tangu ifike shuleni. Alisema inanuka rangi iliyoungua.

Gereji ya kwanza tuliyoiita siitaji. Walifanya kile ambacho mafundi wengi mjini hufanya wakisikia neno kuchemsha: walitoa themostati, ule mlango mdogo unaofunguka maji ya injini yakipata moto, wakaitupa, wakajaza maji ya bomba, wakasema sasa itapumua. Siku ya pili alamu ililia kama kawaida. Hapo wakasema ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na hedi yake, injini ifunguliwe, na wakataja bei ambayo mhasibu wetu aliisoma akavua miwani.

Ndipo mwenzangu wa shule nyingine akanielekeza kwa hawa wa rejeta. Nilipiga simu nikiwa nimeshatafuta Kenta ya kuibebea mashine. Fundi mkubwa akanikatalia.

"Mama, usilete. Ikisimama huku kwangu haitachemsha, tutatazamana nayo tu. Nitakuja kwenye majani yake."

Akaja na bodaboda, begi mgongoni. Maswali yake peke yake yalinishawishi kwamba pesa ya nauli haikupotea. Inapanda ikiwa imesimama au ikikata? Ukizima visu ukaendesha tu, inashuka? Maji yanapungua? Moshi ni wa rangi gani ikilemewa? Oili ina rangi ya chai ya maziwa? Kisha akamwomba mzee akate ule ukanda wa nyuma ya jiko la shule, majani yalikokuwa marefu kuliko kwingine, asipunguze mafuta, mpaka sindano ifike inakofika. Sisi tukasimama kivulini tukingoja.

Mzee alipoleta mashine ikiwa bado inaunguruma, fundi alikuwa na kipima joto cha leza mkononi. Hakupima chochote kwanza. Alikata vipande vya tepu nyeusi ya umeme, akabandika kimoja kwenye nyumba ya themostati, kimoja juu ya rejeta maji yanapoingia, kimoja chini yanapotokea. Kijana wetu akauliza ya nini. Akasema aluminiamu inayong'aa humdanganya huyu mdudu, husoma chini ya joto lenyewe, lakini tepu nyeusi haidanganyi. Nimewaona wengi wakipiga leza kwenye chuma kinachomeremeta na kutangaza kwamba injini haina shida.

Juu ya rejeta ilisoma nyuzi 103, chini 99. Akarudia, ikaja vilevile. Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza. Maelezo yake nayaweka hapa kwa sababu yatamfaa mtu: maji yakiingia kwenye rejeta na moto na kutoka na moto uleule, basi yanazunguka vizuri, ila joto halina pa kutokea, yaani upepo haupiti. Yangetoka ya baridi sana huku injini inaungua, angeshuku wota pampu, au mirija iliyoziba, au mkanda unaoteleza. Akaipitisha leza kutoka kushoto hadi kulia kwenye uso wa rejeta akitafuta doa la baridi, ambalo lingeonyesha mirija iliyokufa. Hakulipata. Geji nayo akaisafisha tuhuma: sindano na leza vilikubaliana, kwa hiyo sensa haikuwa inatuchezea.

Kisha akaomba gazeti. Akachana ukurasa mmoja, akauweka kwenye wavu wa nje ambako feni huvuta upepo. Ulipaswa kunata. Ulianguka. Akaubandika tena kwa mkono, akaachia, ukaanguka tena.

Na wavu ulikuwa safi! Vijana wanaufagia kila jioni, naona kwa macho yangu. Siri ilikuwa nyuma yake. Kwenye mashine yetu mbele ya rejeta kuna kipoza oili ya haidroli, kidogo, kimefungwa kwa bolti mbili, na kati yake na rejeta kuna nafasi ya kidole kimoja. Alipokisogeza nikaona: vumbi letu hili la Arusha laini kama unga, mbegu za ukoka, na mvuke wa oili, vyote vimeshikana kama sufi ya mto wa zamani. Uso wa mbele wa kipoza unaonekana msafi, uso wa nyuma wa rejeta unaonekana msafi, na katikati hakuna hata sindano ya upepo inayopita. Alitumia bisibisi bapa kuondoa tabaka la kwanza na lilitoka zima, limebeba alama za mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta.

Wengi wangefunga kazi hapo na kudai hela. Yeye alisema kuna mambo mawili hayajaisha. La kwanza ni ile gasketi tuliyotishwa nayo. Alikuwa na kichupa chenye dawa ya bluu, anakiweka kwenye mdomo wa rejeta na kuvutia hewa ya juu ya maji ndani yake. Moshi wa silinda ukiwa unavujia kwenye maji, dawa hugeuka rangi. Injini ilinguruma, tukaitazama. Ilibaki bluu. Mhasibu alipoletewa habari hiyo alisimama kitini, na huyo ni mtu asiyesimama ovyo.

La pili ni mfuniko wa rejeta. Umeandikwa 0.9, yaani presha ya baa 0.9, na ulipofungwa kwenye pampu yake ya mkono uliachia presha kabla haujafika hata nusu. Hili watu wa milimani tulisikilize vizuri. Arusha iko kama meta 1,400 juu ya bahari, na maji matupu huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Mfuniko mzima ndio unaoyabana yasichemke hadi kupita 110. Ukilegea, na ukiwa umejaziwa maji ya bomba badala ya kulanti, ile dawa ya kupozea injini, unakuwa umebakiwa na nafasi ndogo mno kati ya injini ya kazi na injini ya mvuke. Mtu wa Tanga anaweza kuvumilia mfuniko mbovu muda mrefu kuliko mimi.

Kazi ya gerejini sina mengi ya kuisimulia. Rejeta na kipoza vilitolewa, vikalowekwa kwa maji ya sabuni, vikapulizwa kwa kompresa kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa presha ndogo, pua ikiwa mbali. Ile mashine ya kuoshea magari waliiweka kando, kwa sababu hulaza mapezi na upepo ukakosa njia kabisa. Yaliyokuwa yamelala yaliinuliwa moja moja kwa kitana kidogo cha chuma. Kijana aliyepewa kazi hiyo ana subira kuliko mimi. Mkanda wa feni ulibonyezwa kwa kidole gumba, ukazama chini ya sentimeta moja, ukaachwa.

Themostati ndiyo niliyoipenda. Nilinunua mpya dukani mjini, boksi zuri, stempu ya 82, yaani ifunguke kwenye nyuzi 82. Fundi hakuifunga. Aliitumbukiza kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, imening'inizwa kwa uzi, pamoja na kipimajoto. Maji yakapita 82, yakapita 90, yakaanza kutokota, na mlango wa themostati umefumba vilevile. Feki, mpya kabisa. Nikairudisha, nikabishana, nikapewa nyingine. Hiyo ilianza kufunguka kwenye 82 na ushei, ikafunguka yote kabla maji hayajachemka. Kwa nini asiache bila, kama wale wa kwanza? Kwa sababu dizeli ikifanya kazi ya baridi hula mafuta na kusaga silinda, na kwenye baadhi ya injini themostati ndiyo inayoziba njia ya mchepuko, kwa hiyo ukiitoa maji ya moto yanazunguka injini bila kupita kwenye rejeta. Unakuwa umetibu homa kwa kuvunja kipimo.

Kulanti waliichanganya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, wakajaza polepole, wakaiacha injini iendeshwe mfuniko wazi mpaka mapovu ya hewa yakaisha, ndipo wakafunga.

Sasa lawama. Walichelewa. Kazi niliyoahidiwa jioni nilipewa kesho yake mchana, na simu ya ofisini kwao hupokelewa na yeyote aliye karibu, awe anajua au hajui. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilikuwa vita: mashine yao "haina karatasi", kisha "haina chaji". Ukifanya kazi taasisi inayokaguliwa, iombe kabla ya kulipa, usiondoke bila hiyo. Jambo lingine, kijana mmoja alikuwa ameshakoroga rangi nyeusi apake rejeta "ipendeze". Rangi nzito juu ya mapezi ni blanketi. Nilikataa, na fundi mkubwa alipotokea akanitetea, lakini ningekuwa sipo ingepakwa. Simamia kazi yako.

Na wanajua mipaka yao. Rejeta za shaba wanazichomelea vizuri sana, watu huleta za malori kutoka Babati. Zile za aluminiamu zenye matenki ya plastiki wanakwambia wazi kwamba kiraka hakitadumu, tafuta nyingine. Mimi napenda fundi anayenikatalia.

Bei: kuja shuleni na vipimo vyote ilikuwa shilingi 40,000, kusafisha, kufunga na kujaza 90,000, mfuniko, themostati na kulanti nilinunua mwenyewe. Si rahisi ukilinganisha na wa chini ya mwembe. Ukilinganisha na kufungua injini ambayo haikuwa na kosa, ni bure.

Mashine imeshakata viwanja vyote tangu irudi, hata saa nane mchana jua la kupasua kichwa, na sindano inakaa kidogo chini ya katikati. Mzee ameagizwa asogeze kile kipoza na kupuliza katikati kila mwisho wa wiki, na kila siku kipindi cha kiangazi majani yanapotoa mbegu. Ameambiwa pia kwamba visu butu ni chanzo cha joto kama rejeta chafu, injini inavuta badala ya kukata, kwa hiyo vinanolewa mapema, na majani marefu yanakatwa kwa awamu mbili, deki ikiwa juu kwanza.

Gereji iko ndani kidogo ya Unga Limited, utaona rejeta kuukuu zimepangwa ukutani kama vitabu. Ijumaa mchana fundi mkubwa hayupo. Asubuhi mapema ndiyo nzuri, kabla Kenta hazijajaza uwanja.