Kupandisha Django kutoka 3.2 hadi 5.2: wakala wa akili unde au mkono wa mtaalamu?

Toleo la 3.2 la Django, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, liliacha kuhudumiwa Aprili 2024, na sisi tunaotunza mifumo ya kupokea wageni wa safari hapa Arusha tungali tukibishana namna ya kulihama.

Kwa gharama na kasi, wakala, yaani programu ya akili unde inayobadili msimbo yenyewe, hushinda waziwazi: url(), amri ya kuelekeza anwani za kurasa iliyoondolewa katika 4.0, huigeuza kuwa mbadala wake re_path() katika mafaili yote huku wewe ukimalizia chai.

Kwa uaminifu mambo hugeuka. Tangu 5.0, mradi usiotaja USE_TZ, mpangilio wa kuzingatia kanda za saa, huhesabiwa kuwa umeiwasha. Kwa hiyo, ukitumia hifadhidata ya MySQL, saa zilizohifadhiwa kwa majira ya Arusha husomwa kama za UTC (majira ya kimataifa, saa tatu nyuma ya yetu), na mgeni atakayetua uwanja wa ndege wa KIA saa 2 usiku huonyeshwa kuwa atatua saa 5, bila mfumo kutoa onyo lolote. Wakala ambaye hakuelezwa historia hiyo anaweza kuipita. Mtaalamu aliyeujenga mfumo huanza nayo.

Kuhusu matunzo, kazi ya mkono humwacha mtu anayeielewa.

Mwenye majaribio ya kutosha na nakala rudufu amtumie wakala, tena kwa kupanda kwanza hadi 4.2, toleo la kati; asiye nayo, hasa msimu wa wageni ukikaribia, amlipe mtaalamu.