Difuloki kwa Safari Chache za Matope: Ya Kununua na ya Kuacha

Msimu wa mvua uliopita nilikwama kwenye kilima kifupi kupita Ilembo, huko Umalila mkoani Mbeya, nikiwa na magunia sita ya viazi nyuma na kidole kikiwa juu ya swichi ya difuloki, kifaa cha kufunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, niliyoilipia. Swichi hiyo ndiyo iliyonifanya nichague gari lile na kuacha jingine la aina ileile na mwaka uleule lililouzwa kwa bei ndogo zaidi, kwa kuwa dalali alikuwa amenionyesha alama yake kwenye dashibodi na kusema, "Dada, gari hili halilali porini." Nilipoibonyeza, taa yake ilianza kuwaka na kuzima, na ikaendelea hivyo kwa muda wote ambao gurudumu la nyuma la kushoto lilizunguka bure na kujichimbia shimo, mpaka trekta la kijijini lilipokuja kutuvuta giza likiwa limeshaingia. Wiki iliyofuata fundi wa Mwanjelwa aliifungua mota inayosukuma loki, akaiweka mezani, na ndani yake palikuwa na kutu na matope yaliyokauka kama tofali. Akaniambia, "Mama, hii haijazunguka tangu gari lilipokuwa Japani."

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali moja na watu wa Mafinga, Tukuyu na Makete: je, mtu anayetoka kwenye lami mara chache kwa mwaka ana haja ya kulipia difuloki, na kama anayo, anunue ipi? Jibu langu linategemea jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa, nalo ni hali ya kifaa hicho katika miezi yote ambayo hakitumiki.

Difu ya kawaida, yaani gia zilizo katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kulia na kushoto, huruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi tofauti, jambo linalohitajika kwenye kona, lakini huyapa yote mawili nguvu iliyo sawa. Kwa hiyo gurudumu moja likikosa mshiko kwenye tope, au likining'inia juu ya mfereji, la pili nalo hupata nguvu ndogo ileile, na gari hubaki palepale. Ndiyo maana gari la fowili, linalosukumwa na magurudumu yote manne, lenye difu za wazi (zisizo na loki) mbele na nyuma linaweza kukwama huku likizungusha gurudumu moja la mbele na moja la nyuma. Difuloki huyafunga magurudumu ya ekseli yazunguke pamoja, hivyo lile lililokanyaga ardhi nzuri husukuma kwa nguvu yote ambayo ardhi hiyo inaweza kuipokea.

Anayetoka Mbeya mjini kwenda Tukuyu, Kyela, Makambako au Njombe kwa lami, kisha akamalizia kilomita mbili za vumbi hadi kwa wazazi, hana sababu ya kuinunua, na fedha yake itamfaa zaidi kwenye matairi yenye meno makubwa na kamba imara ya kuvutia. Hata ule utelezi wa udongo wa Rungwe baada ya mvua kubwa, ambapo magurudumu yote hupoteza mshiko kwa pamoja, hauponi kwa loki, kwa sababu kuyafunga magurudumu mawili yanayoteleza hakuyapi mshiko ambao hayakuwa nao. Difuloki ni ya mtu ambaye njia yake ina makorongo, mifereji iliyochimbwa na malori ya viazi au ya magogo, na vilima ambapo gurudumu moja huinuka hewani. Mimi ni mmojawapo, kwa kuwa kati ya Novemba na Aprili nakwenda shambani mara mbili au tatu kwa mwezi. Kwa mtu wa namna yangu nasema inunuliwe, tena ya nyuma tu, kwa sababu gari linapopanda mlima uzito wake huhamia nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayobeba kazi.

Loki nyingi za kiwandani katika magari ya Kijapani, zikiwemo zile za Toyota Land Cruiser, Prado na Hilux, husukumwa na mota ndogo ya umeme iliyofungwa nje ya nyumba ya difu, chini ya gari, mahali ambapo maji ya mto na matope hufika kabla ya kufika pengine popote. Mota ya namna hiyo ikizungushwa mara kwa mara hubaki hai, lakini ikikaa miaka bila kuguswa, unyevu huingia, kutu hushika, na siku ya haja haisogei. Mwenye gari wa kwanza huko Japani aliliendesha kwenye lami na hakuwa na sababu ya kubonyeza swichi. Mnunuzi wa hapa naye huitunza loki kwa ajili ya siku mbaya, asijue kwamba kwa kuitunza hivyo ndivyo anavyoiua. Dereva wa shamba la miti la Sao Hill anayeingia matopeni kila siku hataliona tatizo hili, na ndiyo sababu sifa anazozitoa kwa loki yake hazitusaidii sisi wa mara chache. Kigezo changu kikuu kimekuwa kimoja: je, nikiwa nyumbani, kabla sijakwama, naweza kujua kwamba kifaa hiki kiko hai, na je, matumizi yangu madogo yanatosha kukiweka hai?

Kwa kigezo hicho, chaguo langu la kwanza ni ARB Air Locker kutoka Australia, ambayo ndiyo niliyoifunga baadaye kwenye gari langu, na sifichi kwamba naipendelea kuliko zote. Hufungwa ndani ya difu badala ya kizimba cha awali, yaani kasha linaloshika gia za ndani, na loki yenyewe husukumwa na hewa yenye mgandamizo wa takriban PSI 100 inayotoka kwenye kompresa kupitia mrija mwembamba. Sehemu zinazofunga zimezama katika oili ya difu, hazikutani na maji ya mto, na kompresa inaweza kuwekwa juu, ndani ya boneti, mbali na matope. Zaidi ya hapo, kompresa hiyohiyo hujaza matairi. Mtu anayeingia kwenye matope hupaswa kupunguza upepo wa matairi hadi karibu PSI 20, kisha kuujaza tena anaporudi kwenye lami, kwa hiyo kompresa hufanya kazi kila safari, hata ile ambayo loki haikuhitajika. Nikisikia inawaka tena na tena wakati hakuna kinachotumia hewa, najua kwamba kuna mahali panavuja, na nalijua hilo nikiwa uani kwangu Uyole. Ina kasoro zake pia. Mrija ukipitishwa karibu na ekzosi huungua, na sili za ndani (mipira ya kuzuia uvujaji) zikichakaa hewa huingia kwenye difu na kusukuma oili itoke kupitia tundu la kupumulia. Hata hivyo, oili iliyomwagika huonekana kwa macho na mrija uliokatika huungwa njiani, ilhali mota iliyoganda haikupi dalili yoyote mpaka ukwame.

La pili ni loki ya kiwandani, kwa sharti kwamba ujaribu mwenyewe kabla ya kulipa, na usikubali kuonyeshwa swichi peke yake. Jambo la kwanza ni kuangalia mchoro wa swichi, kwa sababu wauzaji wengi huita difuloki kitu ambacho ni loki ya katikati. Loki ya katikati hufunga propela, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, na haifungi gurudumu la kulia na la kushoto. Katika mchoro wa Toyota, alama ya X ikiwa katikati ya ekseli mbili, hiyo ni loki ya katikati. Ikiwa juu ya ekseli ya nyuma, hiyo ndiyo unayoitafuta. Kisha gari lipelekwe kwenye udongo laini, liingizwe kwenye fowili ya gia nzito, swichi ibonyezwe, na liendeshwe polepole mita chache huku usukani ukichezeshwa kidogo kulia na kushoto ili meno ya loki yakutane. Taa ikiwaka na kuzima maana yake ni kwamba loki bado haijashika, na ni lazima ifike mahali itulie na kuwaka moja kwa moja. Ikikataa kutulia, usikubali kuambiwa kwamba ni waya tu.

Ukitaka uhakika zaidi, zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, inua yote mawili ya nyuma kwa jeki na kuyaegemeza kwenye stendi, achia hendibreki, acha gari kwenye gia injini ikiwa imezimwa na ufunguo umewashwa, kisha funga loki na uzungushe gurudumu moja kwa mkono. Likizunguka kidogo utasikia mlio wa meno kushikana, na baada ya hapo halitazunguka tena. Likiendelea kuzunguka na la pili likaenda kinyume chake, difu bado iko wazi na umekaribia kununua gari kama langu. Baada ya kununua, ifunge na kuifungua loki kila mwezi kwenye udongo laini, mvua iwepo au isiwepo.

Katika nafasi ya tatu naweka Eaton E-Locker, ambayo hufungwa kwa sumaku ya umeme iliyo ndani ya nyumba ya difu na haihitaji kompresa. Ni kifaa kizuri, ila hakipatikani kwa kila ekseli, na hakikupi upepo wa matairi.

Nafasi ya nne ni difu ya LSD (limited-slip differential, difu inayopunguza utelezi), ambayo imo katika magari mengi yanayoingia nchini na hutajwa na madalali kana kwamba ni loki. Zile za kawaida zina sahani za msuguano zinazopunguza tofauti ya kasi kati ya magurudumu, na sahani hizo huchakaa. Zinahitaji oili ya LSD, lakini gereji nyingi humimina oili ileile ya difu ya kawaida, na baada ya miaka kadhaa hakuna kinachobaki isipokuwa jina. Inua gurudumu moja la nyuma, zuia mengine kwa mawe, weka gia huru, achia hendibreki na ulizungushe kwa mkono: likizunguka kwa wepesi, usiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya LSD hiyo.

Wenye Prado ya toleo la 150 yenye mfumo unaofunga breki ya gurudumu linaloteleza, au Suzuki Jimny ya kuanzia 2018, ningewashauri wapitishe msimu mmoja wa mvua kabla ya kununua lolote, kwa sababu mfumo huo hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko na kwa safari chache huwatosha wengi. Loki za bei nafuu zinazojifunga zenyewe hugonga kwenye kona na kuvuta gari upande mmoja kwenye lami yenye maji, na sikuona sababu ya kuzijaribu. Nakala za Air Locker zisizo na spea za sili nimeziacha pia.

Anayenunua ajue pia pale ambapo loki inadhuru. Kwenye barabara iliyoinama kuelekea korongoni, difu ya wazi huacha gurudumu moja lizunguke huku jingine likilishikilia gari lisisogee pembeni. Ukiifunga, yote mawili huteleza kwa pamoja na nyuma ya gari hushuka kuelekea kwenye mfereji. Njia ya kupanda Matamba kutoka Chimala, inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, ni mahali pengine pa kuwa makini, kwa kuwa gari lililofungwa nyuma hutaka kwenda mbele moja kwa moja, na kona zile haziruhusu hilo. Katika magari mengi loki ya kiwandani ikishika, ABS (mfumo unaozuia breki kukaza magurudumu hadi yakaacha kuzunguka) na mfumo wa kuzuia kuteleza huzimika. Funga ukiwa umesimama au ukienda polepole sana, vuka, kisha fungua hapohapo.

Linaloniumiza zaidi ni bei na namna inavyotajwa. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza au kudai bei ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, lakini nilipoulizia loki, muuzaji mmoja alinitajia dola, na nilipomwomba shilingi alitumia kiwango cha kubadilishia ambacho sikukiona benki yoyote. Mwingine alinipa bei moja ya jumla na akakataa kutenganisha loki, kompresa, beringi na ufundi. Dai bei iliyoandikwa kwa shilingi, kila kitu na mstari wake, ili ujue unalipia nini, na ili beringi kuukuu zisirudishwe ndani kwa bei ya mpya.

Ufundi ndio unaoamua uhai wa difu nzima. Mwanya kati ya kraunwili na pinioni, gia kubwa na ndogo za difu, hupimwa kwa saa maalumu ya vipimo (dial gauge) na kurekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma, na fundi anayesema anausikia kwa mkono atakuachia difu inayolia kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Mwombe akuonyeshe saa hiyo kabla hajafungua nati ya kwanza. Kazi ikiisha, kizimba cha zamani na gia zake ni mali yako, hata kama gereji imezoea kukibakiza na kukiuza kwa mteja mwingine. Changu kiko kwenye boksi stoo, kimepakwa grisi, kwa sababu siku nitakapoliuza gari hili nakusudia kuhamisha Air Locker na kurudisha difu ilivyokuwa.